Arletta Huntley na Alama ya Shingoni

Jumamosi hii, tarehe 31 Oktoba, Mama Arletta Huntley anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mvinyo wa buluberi cha Hadlock, hapa Machias. Nimeombwa na wenzangu wa kiwandani niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa kila atakayeshika karatasi hii anajua kwamba siku hiyohiyo kiwanda kinafungwa, na kwamba ni yeye peke yake anayeondoka kwa jina la heshima. Sisi wengine tunaondoka tu.

Alianza kwa kuchambua matunda hayo madogo ya buluu, mikono ikiwa ya zambarau hadi kanisani. Baadaye akakabidhiwa mashine ya kubandika lebo, ile iliyohitaji teke kila asubuhi na ambayo haikukubali teke la mtu mwingine. Iliwashinda hata mafundi kutoka Bangor. Krismasi moja Galen Hadlock, mwenye kiwanda, alimzawadia buti zenye chuma mbele, akazivaa hata kwenye arusi ya binti yake.

Kazi yake kubwa ilikuwa alama ya amana. Kwetu katika jimbo la Maine, anayenunua mvinyo huweka senti kumi na tano juu ya bei, akirudisha chupa tupu anarudishiwa. Lakini chupa isiyo na alama ya jimbo na kiasi hicho haipokelewi. Letta, kama tumwitavyo, aliilinda alama hiyo kwa wivu. Msanifu mmoja wa lebo aliyeifunika kwa picha ya korongo aliambiwa, "Mwanangu, ndege wako mzuri, ila hamrudishii mtu senti. Msogeze huko." Korongo akasogezwa.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kupaepuka.

Masika yaliyopita, duka moja la New Hampshire, ambako hawana habari za amana, lilighairi oda yake. Tukabaki na masanduku ya lebo nzuri zisizo na alama. Watu wa huku hawatupi kitu. Misumari iliyopinda hunyooshwa, mifuko ya mkate hufuliwa ikaanikwa.

"Galen, lebo nzima hizi tuzichome moto?" alisema Letta. "Tubandike kialama shingoni, basi."

"Una hakika, mama?"

"Nilikuwa nabandika kabla hujaota ndevu."

Tulicheka, na hakuna aliyepinga. Vibandiko vilinunuliwa Ellsworth, vya bei nafuu, vikasomeka vizuri kabisa. Rahisi ghali.

Agosti, kwenye tamasha la buluberi, wauzaji walizamisha chupa kwenye mapipa ya barafu. Kufika alasiri vialama vyetu vilikuwa vinaelea. Jumatatu, foleni ya watu wenye chupa tupu ilifika barabarani nje ya kituo cha kupokea chupa cha Delmont Look, aliyesoma na Letta darasa moja. Delmont alimpigia simu mwenyewe.

"Letta, shingo zote ziko uchi. Nikizipokea nitalipwa na nani?"

"Si unajua ni zetu, Delmont!"

"Mimi najua, dada. Sheria haijui."

Wakaguzi wa jimbo wakaamuru mvinyo wote wenye vibandiko utolewe madukani. Ukarudi. Duka kubwa kuliko yote likasema tusiupeleke tena. Galen aliuza matangi ili kuilipa benki, na sikumwona akilia, lakini aliyafuta vumbi kabla lori halijaja. Hakuna mwovu katika habari hii. Ningefurahi kumpata mmoja nimtukane.

Tangu hapo Letta huja kila siku. Hukaa ghalani akikwangua lebo zile kwa kucha na kubandika mpya, zenye alama kamili, kwenye chupa ambazo hakuna duka linalozitaka. Alama hiyo inaahidi senti kumi na tano, na baada ya Jumamosi hatakuwapo wa kutimiza ahadi hiyo. Kucha zimekwisha. Galen alimwambia, "Mama, imetosha, nenda nyumbani." Akajibu, "Zikishasomeka zote." Zimejaa ghala zima.

Wenzangu wanataka niandike kwamba kosa si lake. Sitaandika. Wazo lilikuwa lake, anajua, na akisoma uongo wangu ataitupa karatasi hii jikoni. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Naandika hili tu: ametuma ujumbe kwamba hatakuja kwenye sherehe yake kwa sababu hawezi kututazama usoni.

Mama Letta, hatuna kazi tena, na wengi wetu hatujui Novemba itatukuta wapi. Tumekaa na jambo hili miezi miwili tukitafuta hasira juu yako, maana hasira ingetusaidia, na hatukuipata. Maharage yatapakuliwa saa kumi na moja jioni katika ukumbi wa chini wa kanisa. Usipokuja, hatutakuwa na mtu wa kumuaga. Tutakuwa watu waliofukuzwa kazi, wanakula maharage.

Ahsante kwa miaka yote. Tunakuombea maisha marefu na mema, hata kama kwa sasa huyataki. Acha kukwangua, mama. Nawa mikono, vaa koti, uje.