Walinzi wa Miti Wasioinuka Benchini

Kila Jumamosi asubuhi, kijiwe cha nje ya karakana ya Fundi Mizinga huwa kimeshatatua matatizo yote ya dunia, kimebakiza ya mtaa tu. Mwezi huu kilipewa kazi ya maana. Ofisi ya misitu iliwaomba wananchi waukague msitu wa asili ulioko ng'ambo ya mto, wahesabu miti inayokauka ncha na inayotoa utomvu mweusi, kisha wajaze fomu kila wiki. Fundi alichaguliwa katibu kwa sababu ndiye mwenye kalamu. Alikubali kwa moyo mmoja, maana mizinga ya dada yake imetundikwa kwenye miti hiyohiyo, na dada hana shamba wala mume, ana nyuki.

— Leo twendeni, jamani, — alisema Fundi. — Fomu ya nne hii. Zile tatu nimeandika tu "hakuna ugonjwa".

— Kwani uongo? — aliuliza Daktari, ambaye ni mlinzi wa geti la hospitali. — Ungekuwepo ningeshasikia. Mimi naona wagonjwa kila siku.

— Wa miti?

— Mgonjwa ni mgonjwa. Huo utomvu mweusi ni presha. Mti umesimama miaka mia haujakaa chini hata siku moja, presha itaachaje kupanda?

Redio, asiyepitwa na taarifa ya habari, aliweka kikombe chini.

— Presha wapi! Mafua hayo. Ndege wanatoka nayo huko ughaibuni, wanalala juu ya mti, wanaukoholea mpaka kunakucha.

— Basi tukaangalie, — alisema Fundi.

— Haraka ya nini? Mvumilivu hula mbivu.

— Mti ukifa utakula nini, Redio?

— Si nitakuwa na kuni za kupikia?

— Mnahangaika bure, — Daktari aliingilia. — Miti inadeka. Imesikia inahesabiwa, inataka msaada. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo haijaficha, kwa hiyo haiumwi.

Fundi aliangua kicheko. Ndio ugonjwa wake huo: akishacheka, miguu inakuwa mizito. Akaongezewa kahawa, akaandika "hakuna ugonjwa", akatia sahihi. Wiki ijayo lazima, alijiapiza.

Hata kikombe hakijapoa, dada yake akatokea, matope mpaka magotini.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! — Daktari alisogea kumpisha.

— Sikai, Daktari. Natoka ofisi ya misitu. Miti kumi na minne imekauka, nyuki wamehama mizinga tisa. Nimewaomba waje waikate iliyougua kabla haijaambukiza mingine. Wanasema hawaji, watu wao wamepelekwa kwingine. Eti wananchi wamekagua mara tatu, msitu mzima. Wamenionyesha sahihi yako, kaka.

— Dada, unajua...

— Sikugombezi. Nauliza tu. Daraja la kwenda msituni lilichukuliwa na maji tangu mwezi jana. Mimi nimezunguka kwa miguu tangu alfajiri. Nyie mlivukia wapi?

Redio alimtazama Daktari. Daktari alitazama kikombe. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani mmoja wao azushe neno, lolote lile, hata la kipuuzi. Dada alibaki amesimama palepale, akisubiri kujibiwa.