Florence Kahaso Garama na Tone Lisilofutwa

Marehemu Florence Kahaso Garama alizaliwa Magogoni, Kisauni, tarehe 14 Agosti 1968, kifungua mimba wa Mzee Garama na mkewe. Tangu utotoni alipenda kuzama katika mawazo. Angekaa akitazama tone la maji juu ya sufuria hadi mamake apige kelele: "We Kahaso! Wenzio waosha vyombo, wewe wangoja vijikaushe?"

Alisoma shule ya msingi papo hapo Magogoni, akaendelea hadi chuo kikuu, na mwaka 2001 akapata shahada ya uzamivu katika hisabati huko ng'ambo. Alitaka kujua kwa nini tone la kahawa likikauka huacha duara jeusi, katikati kukabaki kweupe. Akalieleza kwa milinganyo: ukingo wa tone hushikamana na meza na hukauka upesi, kwa hiyo maji ya katikati huvutwa huko yakibeba unga wa kahawa. Milinganyo aliyoiunda ng'ambo, kwenye hewa kavu, ilimwaibisha aliporudi kufundisha chuoni, maana matone ya Kisauni yalikawia kukauka kwa unyevu wa pwani. "Nimesahau jasho la kwetu," alisema akicheka, akaanza upya.

Bwana Tinga alipokwenda kwao kujitambulisha, alikuta tone mezani. Kwa adabu za mkwe mtarajiwa, akatoa leso akalifuta. "Umenifutia kazi ya asubuhi nzima!" Kahaso akamaka. Walifunga ndoa Kiembeni tarehe 7 Desemba 1996, wakajaliwa binti, Kadzo. Bwana Tinga hakuthubutu kufuta meza tena.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua Kahaso. Alasiri ya Jumatatu, 3 Machi 2025, akiwa nyumbani, aliomba kahawa kidogo, akadondosha tone mezani. "Baba Kadzo, usilifute. Nataka kuliona likiisha." Usingizi ukamchukua tone likiwa bado bichi. Mumewe akakaa akilitazama kwa niaba yake mpaka likakauka.

"Mama Kadzo, limeisha," akamwambia.

Hakuitika. Alikuwa ameshatutoka.

Ameacha mume wake Tinga, binti yake Kadzo, mdogo wake aitwaye Babu, na wanafunzi aliowalea kama wanawe. Duara lile bado liko. Enyi mnaokuja kutupa pole, na akina mama mtakaotusaidia usafi, fagieni kote, osheni vyote, ila meza ya Kahaso tunaomba msiiguse.

Mola amlaze Kahaso wetu kwa amani.