Hosea Laurenti na Seva ya Ushirika

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani Nguvumali nachambua mchele, nesi akapiga simu kunijulisha kwamba mume wangu, Hosea Laurenti, amefariki, nikamaliza sinia lililokuwa mbele yangu, kisha nikawapigia ndugu. Mimi ni Bibiana, mjane wake, nasoma wasifu huu wa marehemu mwenyewe kwa sababu ipo sehemu ambayo shemeji zangu wangeiruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kambi ya wakata mkonge huko Mwera, Pangani, mtoto wa tatu wa Mzee Laurenti na Mama Imakulata, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza kidato cha nne hapa Tanga mwaka 1989, akatengeneza redio, baadaye kompyuta, na Januari 2009 akaajiriwa kwa majaribio kuwa fundi wa seva katika ushirika wetu wa wakulima, ambako nilikuwa karani.

Jumatatu tarehe 2 Machi mwaka huo, seva ya ushirika, yenye kumbukumbu za wakulima wote, ilianza kuzima kila alfajiri, ikiacha ujumbe wa hitilafu katika kache ya ndani, yaani ile sehemu ndogo ya kichwa cha kompyuta inayoweka karibu vitu vinavyotumika mara kwa mara, kama ninavyoweka chumvi kando ya jiko. Hosea alibadilisha programu, akabadilisha vipuri, mchana ikafanya kazi vizuri, alfajiri ikazima tena, mpaka meneja, Bwana Himyar, akamwambia mbele yetu sote kwamba isipopona ifikapo Ijumaa tarehe 20, arudi kwenye redio zake.

Ijumaa hiyo alifika mapema kuliko mimi, akaikuta seva ina moto kama kikaango, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, akakitambua, kwa kuwa cha mezani kwangu kilikuwa na maua yale yale. Nilikuwa naifunika kila jioni kwa ajili ya vumbi la barabara iliyokuwa ikichimbwa, kama tunavyofunika televisheni nyumbani, na asubuhi nakitoa na kukikunja kabla hajaingia. Katika ripoti aliandika kwamba fundi hakukagua njia ya hewa, akabakizwa kazini, lakini ninyi wenzetu wa ushirika mkamwita Fundi Siku Kumi na Tisa kwa miaka kumi na sita, nami nikanyamaza nikiogopa kufukuzwa. Leo andikeni kwamba kosa lilikuwa langu. Bwana Himyar, shikamoo, naona unacheka, asante.

Tulifunga ndoa tarehe 19 Desemba 2009, akiwaambia wajomba zangu kwamba ni salama zaidi akijua vitambaa vyangu viko wapi, tukajaliwa Daniel, Brightness na Lea.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake waliomchangia damu, na jirani yetu Bi Shamsiya, aliyepika tangu alfajiri. Chakula kimeshapakuliwa, wanangu nimewahesabu, wote watatu wapo, wameshika sahani. Pumzika kwa amani, Hosea, jina lako nimelisafisha, sasa niache nikawalishe.