Fundi Pima Tena na Chakula Tulichomnyima

Huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa wazazi wake. Alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Juni 1993, saa nne asubuhi, mwezi mzima kabla ya siku zake, akiwa na kilo mbili na robo. Mama yake alimbeba kifuani hata jikoni, na kila alipolala alimchungulia kuona kama anapumua. Tabia hiyo haikumwisha mama hata binti alipoolewa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 2007 na sekondari mwaka 2011. Hesabu hazikumpenda, isipokuwa za sentimita. Alisomea ushonaji miaka miwili, na Februari 2014 akaanza kazi katika chumba cha mafundi nyuma ya duka la vitambaa, cherehani ya pili kutoka dirishani. Wenzake walimwita Pima Tena, maana hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Mteja mmoja mwenye mwili wake aliwahi kumnong'oneza, "Mwanangu, kiuno niandikie pungufu kidogo." Akamjibu, "Shangazi, futi yangu haina umbea. Itajua yenyewe na wewe tu." Yule mama alicheka hadi akakaa chini, na hakwenda tena kwa fundi mwingine.

Tarehe 12 Desemba 2015 aliolewa na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la chumba kile, kisha akarudi mara tatu kulikagua ilhali halivuji. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ana miaka saba.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alianza matibabu ya dripu ya dawa za saratani tarehe 20 Novemba, na mama yake akahamia kwake kumuuguza. Hapa mama ameomba lisomwe lililotokea, bila kufichwa.

Mwanzoni mwa Januari, watu waliomtakia mema walimwambia mama kwamba saratani inakula sukari na nyama, na mgonjwa akinyimwa vitu hivyo, nayo inakufa njaa. Mama akaamini. Akaondoa mayai, samaki, maziwa, wali, hata ndizi mbivu. Kwa wiki tatu marehemu alikunywa juisi ya majani asubuhi, mchana na jioni. Mumewe aliuliza, "Mama, hata yai moja?" Akajibiwa, "Unataka tuulishe ugonjwa, baba?"

Kila asubuhi mama alimtazama aone kama nguo zimelegea. Hazikulegea. Kumbe marehemu, mama akienda sokoni, alikaa kwenye cherehani yake ya nyumbani akazipunguza ubavuni, ili mama asiingiwe na hofu. Juisi ile ilimshinda, lakini alipoona mama anavyoisaga kwa matumaini, alishindwa kusema.

Mizani ya hospitali ndiyo iliyosema. Tarehe 22 Januari 2024 alikutwa amepungua kilo sita, na daktari akaahirisha dripu kwa kuwa mwili usingeihimili. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo kuliko marehemu, alimkalisha mama.

"Mama, njaa haiui ugonjwa. Inammaliza mgonjwa. Mpe mayai yaliyoiva vizuri, samaki, maharage, maziwa, parachichi, uji wenye karanga. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Na akinywa majani yoyote, tuambieni kwanza."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwangusha?"

"Ugonjwa haukutoka kwenye sahani yako, mama. Ila kuanzia leo tushirikiane."

Nje, kwenye benchi, mama alilia. Marehemu akamwambia, "Mama nawe! Nimetafuna majani kama mbuzi sijalia, wewe unalia nini? Twende tukanunue mayai."

Alirudisha kilo tatu, na tarehe 12 Februari dripu ikaendelea. Siku aliyomaliza yai zima, mama aliwapigia simu ndugu wote. Lakini Juni vipimo vilionyesha ugonjwa umefika kwenye ini. Agosti hakuweza tena kumeza. Mama hakukubali. Alikaa na bakuli mapajani, akibembeleza, "Kijiko kimoja tu, mwanangu." Tarehe 17 muuguzi alimshika bega. "Mama, sasa mwili hauombi tena. Mloweshe midomo tu." Mama akaweka bakuli chini. Kesho yake, Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, saa nane mchana, binti alifariki akiwa ameshikwa mkono na mama yake.

Mwenye mgonjwa nyumbani, mama anamwomba aulize hospitali kabla ya kuondoa chochote kwenye sahani. Na mgonjwa akinyamaza, aulizwe kama anaweza kula anachopewa. Asisubiriwe aseme.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, baba na mama, kaka na mdogo wake wa kike, bibi mzaa baba, na mafundi wenzake wanne ambao leo wamefunga chumba.

Pumzika kwa amani, mwanetu. Hakuna tena wa kukusogezea kijiko.