Ulimi wa Ojwang

Valary mwanangu, na wewe Collins huko Doha, tegeni masikio, kwa maana maneno haya nayasema mara moja tu, na simu hii ina chaji kidogo, na mimi ninayo kidogo kuliko simu. Jirani yangu Ndunge ndiye ameishika. Amebonyeza pale pa kurekodi akaniambia, "Mama Valary, wewe ongea tu, usikae kama unapigwa picha ya kitambulisho." Shida ni kwamba nimezoea watu. Miaka ishirini na sita nimekaanga samaki kando ya njia ya Makina, na sikumbuki mteja aliyeondoka kwangu bila kucheka. Leo naongea na kioo, nacho hakicheki. Daktari ameshasema lake, na sitalirudia, halikuwa zuri hata mara ya kwanza.

Nianze na mali, ili msije mkashikana mashati juu ya kaburi langu bichi. Karai ni la Valary, lile kubwa lenye sikio moja. Ile nafasi yangu kando ya muuza makaa ni yako pia, ukichoka na maisha ya huko Kawangware. Usipoitaka, mwachie Ndunge auzie mitumba yake chini ya mwavuli wangu, mradi asitundike kanzu za watu karibu na mafuta. Ndunge, nimekuona unatabasamu. Shika simu. Collins, wewe chukua redio na blanketi zito. Najua huko ni joto. Utajifunika ukirudi, na urudi.

Sasa nisikilizeni kuhusu samaki, maana ndio waliowalea. Baba yenu Okoth aliponileta Nairobi nilianza kwa kuuza mgongo wazi, yaani mfupa wa mbuta aliyechunwa. Mbuta anavuliwa ziwani kwetu, anaingia kiwandani, mnofu wote unachunwa na kupanda ndege kwenda kwa watu wasiojua hata jina la ziwa, nasi tunaletewa kichwa, mfupa na mkia, kama barua iliyochanwa ikabaki bahasha. Nikaukaanga mfupa huo, mkaunyonya, mkalala. Nilikuwa nikiwatukana wale wa ng'ambo kila nikigeuza karai, mpaka nilipoenda nyumbani nikakuta baba yenu mkubwa, Ojwang, kaka yake Okoth, amejenga nyumba ya mabati mapya kwa mnofu huo huo uliopanda ndege. Nikala ugali wake, matusi nikayaacha huko huko. Na wewe Collins ulinitumia picha ya mbuta akiwa ndani ya friji ya duka huko Uarabuni, ukaandika, "Mama, nimekutana na mtu wa nyumbani, lakini ameniangalia tu." Nilicheka, halafu nikalia, maana nawe ulikwenda kwa ndege, na mimi huku nikabaki na mfupa.

Kisha wakaja samaki wa boksi kutoka China. Ngege, wale tilapia, wa urefu mmoja, wamenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Msikubali mtu awaambie walileta mabaya tu. Mama anayefulia watu nguo, ambaye ngege wa ziwa alikuwa akimpita kama gari la waziri, alianza kununua samaki mzima mwenye macho na mkia, akaenda kuwagawia watoto wanne. Cheti chako cha ufundi wa umeme, Collins, kilitoka ndani ya boksi. Na msikubali mtu awaambie walileta mema tu, kwa sababu ufukweni kwetu mitumbwi ilianza kulala mchangani mchana kutwa, na wanaume wazima wakacheza bao tangu asubuhi, kwa vile mchuuzi akimtazama ngege wa Ojwang alikuwa anasema, "Mzee, kwa bei hii napata wawili wa China na nauli ya kurudi." Wanaotaka mlango wa nchi ufungwe samaki hao wasiingie na wanaotaka uachwe wazi wote wamekula kwangu, benchi moja, wakigombana mdomo umejaa, na wote waliniomba niwaongezee sukuma wiki. Mimi sikuwahi kupata jibu. Nilipata kosa.

Miaka tisa iliyopita Ojwang alikuja kunitembelea. Okoth alikuwa ameshatutoka. Alibeba ngege wanne wa zawadi, amewafunga kwa gunia bichi, amesafiri nao usiku kucha. Nikawatia kwenye beseni la bluu, wale wa boksi wakiwa kwenye jekundu, ndivyo nilivyodhani. Nikamkaangia mmoja wa boksi, kwa utani wangu, nione mtu aliyevua miaka arobaini atasema nini. Benchi zilijaa. Akala, akafumba macho, akasema, "Shemeji, huyu wa kwetu. Ulimi wangu haudanganywi."

Na mimi, wanangu, mnanijua nikiona watu wameniangalia. Nilichukua boksi lenye maandishi ya Kichina nikalivaa kichwani kama taji, nikazunguka benchi kwa madaha nikisema, "Wa kwetu kabisa, shemeji, kwetu Beijing!" Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha tonge. Ojwang alinawa mikono, kidole kimoja kimoja, taratibu. Akaacha kichwa cha samaki kwenye sahani, akaenda zake siku ile ile. Valary, wewe uliiondoa sahani ile, uliona. Mzee wa kwetu haachi kichwa. Mwezi haukuisha nikasikia ameuza mtumbwi na nyavu, na ameambia watu kwamba mtu asiyemjua samaki wake hana la kutafuta ziwani.

Mpaka hapo mnajua. Hili lingine sijamwambia mtu.

Nilipokuwa nikifunga kazi siku ile nilifunua beseni la bluu niwapikie zawadi yenu. Nikakuta samaki wamenyooka, barafu bado kwenye matamvua. Wa boksi. Nilikuwa nimebadilisha mabeseni mwenyewe kwa haraka zangu. Nikakimbilia jekundu, nikawakuta ngege wanene, si sawa kwa sawa, na walikuwa watatu. Ojwang alikuwa amemla samaki aliyemvua kwa mkono wake. Ulimi wake ulisema kweli.

Nilishika simu nimpigie. Nikasema kesho. Lakini kesho yake wateja walikuja wakisema, "Mama, tuvalie boksi," nami nikalivaa. Nililivaa miaka, likawa ndilo linalojaza benchi. Bei ya China ingemtoa Ojwang ziwani pole pole, pengine. Mimi nilimtoa kwa mchana mmoja, na nikachekwa vizuri. Tangu siku ile, wateja wakiondoka, mimi hula nimeelekea ukuta. Mnaniita mcheshi. Hamjawahi kuniona nikila.

Kwa hiyo Valary, sikiliza. Usimpigie Ojwang simu. Panda basi uende. Umkute pale wanapochezea bao, usimvute pembeni, kwa sababu mimi sikumvuta pembeni. Simama mbele ya wanaume wale useme, mama amesema samaki alikuwa wako, na alijua, na alinyamaza. Akikutukana, pokea kwa niaba yangu. Akikataa kuja kunizika, usimsihi. Akija... Ndunge, maji kidogo. Asante.

Akija, siku ya matanga mkaange wote, wa ziwa na wa boksi, maana watu watakuwa wengi na sitaki mtu arudi na njaa kwa sababu ya ugomvi wa mataifa. Lakini yeye kwanza. Mpeni sahani mbili. Aonje, aseme yupi ni yupi. Na watu wote wanyamaze, Collins, hata wewe.

Boksi liko juu ya kabati. Nimeweka picha zenu ndani. Toeni picha, boksi mpeni yeye. Akilichoma, sawa. Akilivaa... ah, akilivaa, chekeni kwa sauti, mimi nitasikia.

Msikitini wameanza adhana ya alasiri. Saa hii ndipo nilipokuwa nawasha jiko. Mungu awape meza yenye watu, wanangu. Awape wa kuwaambia pole. Collins, ule vizuri huko. Valary, mafuta yakianza moshi... unajua, unajua. Ndunge, bado inashika? Sogeza. Nimewabariki wote wawili, kwa mkono huu wenye makovu ya mafuta. Na Ojwang... yule samaki wa ziwa, Valary... usimkate. Apewe na kichwa.