Mama Ketrina Nzowa na Saa Aliyomvalisha Mdogo Wake

Ketrina Nzowa alizaliwa hapa Iyula, Mbozi, tarehe 9 Machi 1961. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Mwaka 1982 alifunga ndoa na Samwel Haonga, wakajaliwa watoto wanne, wakawalea kwa kahawa na mahindi. Samwel alipofariki mwaka 2016, Ketrina alibaki na shamba, na hakuna mti wa kahawa aliouacha umezwe na magugu.

Desemba 2022 aliambiwa moyo wake umetanuka. Emanueli, mwanawe wa kwanza, alimnunulia huko Tunduma saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu ya kitinda mimba, Fortunata, anayesomea ukunga Dodoma. Fortunata aliyaangalia kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Mara mbili aliona mabaya mapema, akapiga simu, mama akafikishwa hospitali. Siku moja yalifika mia na hamsini, akapiga huku analia. Mama yake alicheka.

"Huyo ni Mika jirani. Kaiazima aringie, sasa kabeba gunia la kahawa. Mimi nimekaa, nachambua maharage."

Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Fortunata alikuwa kwenye mitihani ya mwisho, inayoisha Ijumaa. Ketrina aliivua saa, akamvalisha mdogo wake Ruti, aliyekuwa akiishi naye.

"Ivae wewe mpaka Ijumaa. Mtoto akiyaona mapigo yangu ataacha mtihani."

Ruti alikataa, akabembelezwa, akavaa. Kila alipomsihi waende hospitali, alijibiwa: Jumamosi.

Ketrina alifariki Ijumaa, tarehe 20 Juni, saa nane mchana. Saa tisa Fortunata alitoka chumba cha mtihani, akaona mapigo mia na thelathini, akapiga simu amwambie mama yake apumzike. Ulikuwa moyo wa Ruti, analia.

Fortunata anasema angejua angekuja. Ni kweli, na mama yake alilijua hilo kuliko sisi sote. Ruti mwenyewe ameomba yasomwe haya, ili lawama isimfuate mtoto.

Marehemu ameacha watoto wanne, Emanueli, Nesta, Josephat na Fortunata, wajukuu saba, na mdogo wake Ruti. Jana Ruti alitaka kuirudisha saa. Fortunata alimshika mkono.

"Iache, mama mdogo. Nitakuwa nakuangalia wewe."

Mama Ketrina, pumzika sasa, kwa amani uliyowatafutia wengine.