Murithi na Mita ya Nyumba Mpya

Kama hujui benchi yetu ya Majengo, uliza bucha ya Mukiri halafu ufuate kelele. Hapo Ishmael anauza kahawa ya tangawizi na sisi tunatoa maneno bure. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa imetuingia mpaka kwa mifupa, na Murithi akaja bila salamu, macho mekundu. Msichana wake Ntinyari, wa miaka mitatu, ametoka hospitali, ana kifua. Daktari amesema wazi: huyu mtoto akiendelea kulala chumba cha jiko la makaa, mtamzika. Murithi akapata nyumba ya stima hapo juu, kila mlango na mita yake. Msimamizi wa ploti hiyo ya nyumba za kupanga alikuwa anangoja neno la mwisho.

— Wazee, nisaidieni. Nikipika na stima, nichemshe maji ya mtoto, itakula ngapi kwa mwezi? Naogopa kuhama halafu tukae giza.

Fiuzi akarukia. Jina lake ni Mwongera, lakini siku moja alimshikia fundi wa stima ngazi, na tangu hapo ni mtaalamu.

— Buda, itakumaliza! Hizo mita zinakula hata ukizima kila kitu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo si ni methali ya kuweka akiba? nikamuuliza.

— Ndiyo. Mita ndiyo inaweka.

Mukiri mwenye bucha, tunayemwita Askofu kwa sababu haongei bila kuinua mkono, akauinua.

— Mimi naogopa ukuta. Binamu yangu wa Kianjai alihamia nyumba mpya. Tokeni ya stima aliyonunua Jumapili ikaisha Jumatatu. Kumbe jirani amepitisha waya kwa ukuta, anachomelea milango! Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ukuta si nguo, Askofu, nikasema.

— Ni nguo ya nyumba. Nyamaza.

Murithi hakucheka.

— Na mvua ikinyesha? akauliza polepole.

— Hapo sasa! Fiuzi akapiga paja. Stima inatoroka kwa udongo. Unalipia minyoo!

— Na bado deni la aliyehama, Askofu akasema. Ukinunua tokeni, mita inakata ya marehemu kwanza.

— Marehemu gani? Murithi akauliza.

— Yule aliishi hapo. Unajua alienda wapi?

Mwathani, Mungu wangu! Hata mimi nywele zilisimama, na mimi natumia koroboi.

— Murithi, nikamwambia, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jiko si umelizoea?

Akatoa simu, akampigia msimamizi.

— Bosi, hiyo nyumba mpe mtu mwingine. Hiyo stima siiwezi.

Tukampigapiga mgongo, tukamwambia amejiokoa. Ishmael akaongeza kahawa. Haijapoa, tukaona mama mmoja anashuka kutoka juu, mtoto mgongoni, ufunguo mkononi.

— Hamjambo wazee. Mimi naitwa Nelius, nimetoka Karurumo. Nimebahatika, kuna mtu ameachilia nyumba hapo sasa hivi. Nilitaka kuwauliza tu, nyinyi stima mnalipa ngapi kwa mwezi?

Fiuzi akaangalia viatu vyake. Yeye kodi yake iko na stima ndani. Bucha ya Askofu, bili inaenda kwa mwenye jengo. Ishmael anachemshia makaa. Benchi nzima, hakuna mtu amewahi kununua tokeni hata moja.

— Haidhuru, mama akasema. Nitaweka kidogo, nipike wiki moja, niangalie imebaki ngapi.

Akaenda zake. Murithi alikuwa ameshapiga simu tena, na tukasikia msimamizi akimjibu kwamba mzee, nyumba imeenda, na zingine hakuna mpaka mwisho wa mwaka.

Kabla hajairudisha mfukoni ikalia. Ilikuwa Kathambi, mke wake, na sauti yake ilitufikia sote.

— Baba Ntinyari, kama tulivyopanga, vitu vyote viko kwa mkokoteni, tuko njiani. Chumba nimerudisha, jirani yetu ameshaingia. Mtoto anauliza hiyo nyumba yetu iko na taa ngapi.

Murithi akafunika simu na kiganja, akatuangalia mmoja mmoja.

— Semeni basi, akasema. Nimwambie nini?